Tobo kwenye retina: lipigwe leza au liachwe?

Umekwenda kliniki kubadilisha miwani tu. Ukatiwa matone ya kupanua mboni, daktari akachungulia ndani ya jicho kwa taa yake ya kichwani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema una matobo madogo pembezoni mwa retina. Pengine akaongeza papo hapo kwamba yanaweza kupigwa leza. Unatoka nje jua likikuumiza macho, na kichwani linazunguka neno moja: jicho limetoboka. Sisi tuliolelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta huona jibu limekwisha kupatikana kabla hata swali halijaulizwa. Ziba.

Methali hiyo ni ya kweli kwa baadhi ya matobo ya retina. Kwa mengine, ambayo ndiyo mengi zaidi, haifai kabisa. Wagonjwa wengi huuliza tobo ni kubwa kiasi gani, au yako mangapi. Swali lenye uzito zaidi ni hili: je, kuna kitu kinachoendelea kulivuta? Ukilielewa hilo, karibu kila ushauri wa daktari kuhusu leza utaanza kueleweka, hata ule unaoonekana kupingana na ushauri aliopewa jirani yako.

Kinachovuta

Retina ni utando mwembamba wa neva uliotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, upande wa nyuma. Mwanga ukipita kwenye konea na lenzi huangukia hapo, na hapo hugeuzwa kuwa taarifa za kupelekwa ubongoni. Wengi hawajui kwamba utando huu haujagandishwa ukutani. Umeshikamana kwa nguvu sehemu mbili tu: pale mshipa wa neva unapotokea nyuma ya jicho, na kwenye ukingo wake wa mbele kabisa. Kwingine kote umekaa tu, ukishikiliwa zaidi na seli zilizo nyuma yake ambazo hunyonya maji muda wote ili pasipatikane nafasi.

Mbele ya retina, jicho limejaa ute mzito ulio wazi. Ujanani ute huo umetulia na umegusana na retina pande zote. Kadiri miaka inavyokwenda sehemu zake hugeuka majimaji, ute unasinyaa, na hatimaye unajibandua kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi hilo hutokea kati ya miaka 50 na 70. Kwa wale wasioona mbali, hasa wenye namba ya miwani ya -6 na kuendelea, huja mapema zaidi. Ni jambo la kawaida la umri, na mara nyingi hupita kwa amani: mtu anaona vidoa vipya vinavyoelea, au kitu kama nzi anayekataa kufukuzwa, pengine na mimweko ya mwanga pembeni gizani, kisha mambo yanatulia.

Shida huja pale ambapo ute ulikuwa umeng'ang'ania retina kwa nguvu kuliko kawaida. Unapojibandua, unaichana. Kipande cha retina hubaki kimeshikwa na ute mithili ya ulimi, na kila jicho linapogeuka ute unatikisika na kuuvuta ulimi ule. Majimaji yaliyomo jichoni hupata njia, yanaingia chini ya retina na kuanza kuibandua kutoka ukutani. Mgonjwa huona kivuli au pazia jeusi likianzia upande mmoja na kusonga. Likifika katikati, kwenye makula, sehemu tunayoitumia kusoma na kutambua sura, uoni wa jicho hilo unaanguka ghafla, na hata upasuaji ukifanikiwa huenda usirudi kama ulivyokuwa.

Lakini kuna tobo la namna nyingine kabisa. Retina ya pembezoni inaweza kukonda taratibu kwa miaka mingi mpaka ikatoboka kishimo kidogo cha mviringo. Hakuna ulimi, hakuna kilichochanika. Mara nyingi matobo haya hukaa ndani ya mabaka marefu ya retina iliyokonda ambayo madaktari huyaita latisi. Mabaka ya latisi yanapatikana kwa watu kati ya 6 na 10 katika kila 100, na wengi wao hawatajua maisha yao yote.

Kwa hiyo neno tobo kwenye karatasi yako ya kliniki linaweza kumaanisha vitu viwili vyenye tabia tofauti mno: kimoja kinavutwa leo, kingine kimejikalia.

Gonin, Byer na matobo yaliyoachwa

Namna tulivyofika hapa inaeleza kwa nini hata madaktari wamewahi kuvutana juu ya jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, kubanduka kwa retina kulikuwa karibu sawa na hukumu ya upofu wa jicho hilo. Aliyebadilisha hali hiyo ni Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi. Alishikilia kwamba retina hubanduka kwa sababu ya tobo au mpasuko, na kwamba mtu akilitafuta tobo lenyewe na kuliziba, retina inaweza kurudi mahali pake. Wenzake wengi hawakumwamini. Aliziba matobo kwa kuyachoma kwa chuma cha moto kupitia ukuta wa jicho, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ulimwengu wa tiba ya macho ulikuwa umekubali kwamba alikuwa sahihi.

Baada ya hapo ikaja mantiki iliyoonekana haina kasoro: kama tobo ndilo chanzo, basi kila tobo lizibwe kabla halijaleta balaa. Vifaa navyo vikaja. Baada ya kupatwa kwa jua kwa Julai 1945, daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona makovu kwenye retina za watu waliolitazama jua, akawaza kwamba mwanga wenye nguvu unaweza kutumika makusudi kutengeneza kovu pale linapohitajika. Alianza kwa mwanga wa jua wenyewe, ulioongozwa kwa vioo kutoka juu ya paa la hospitali, kisha akahamia kwenye taa kali za zenoni katika miaka ya 1950. Leza ilipofika katika miaka ya 1960, kazi ikawa nyepesi kwa daktari na kwa mgonjwa. Kitu kikiwa rahisi kufanya, hufanywa sana. Kwa miongo kadhaa matobo mengi yaliyokuwa yamejikalia yalipigwa mwanga au kugandishwa kwa baridi.

Kisha daktari wa Marekani, Norman Byer, akafanya jambo linalohitaji subira kuliko ufundi: akawafuatilia watu wenye latisi bila kuwatibu. Matokeo aliyochapisha mwaka 1989 yalihusu wagonjwa 276 wenye macho 423, waliofuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 11. Macho yaliyopata kubanduka kwa retina kwa kiwango cha kuhitaji tiba yalikuwa 3. Matatu kati ya 423.

Linganisha na hali ya jumla. Watu wazima wapatao 6 kati ya 100 wana tobo au mpasuko fulani wa retina. Lakini kubanduka kwa retina kunampata takriban mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka. Matobo ni mengi, mabanduko ni machache, na pengo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo linalopaswa kumtuliza mtu aliyegunduliwa tobo bila kuwa na dalili yoyote.

Upande wa pili wa ushahidi nao lazima usemwe waziwazi. Wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, walitafuta majaribio ya kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wapigwe leza na wengine wasipigwe, kwa matobo na latisi zisizo na dalili. Hawakupata hata moja. Kwa hiyo daktari anayekushauri usubiri na yule anayekushauri leza kwa tobo la namna hiyo wote wanategemea ufuatiliaji wa aina ya Byer, uzoefu wao, na hali yako wewe. Wakitofautiana, haimaanishi kwamba mmoja wao ni mwongo.

Tobo lako ni la aina gani?

Anza na lile ambalo halina mjadala. Mpasuko wenye ulimi, ukiambatana na dalili mpya kama mimweko, vidoa vingi vya ghafla au mvua ya chembe nyeusi, unatakiwa kupigwa leza haraka, siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiachwa, karibu nusu ya macho ya namna hii au zaidi huishia retina kubanduka. Ukitibiwa mapema, hatari hiyo hushuka chini ya 5 kwa 100. Ni vigumu kupata katika tiba ya macho kazi ya dakika chache yenye faida kubwa kiasi hiki. Mtu asiombe muda wa kwenda kufikiria, wala asisubiri mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa mpasuko wa aina hii hujitangaza kwa dalili, mtu yeyote mwenye dalili hizo aone daktari wa macho upesi hata kama anaona vizuri kabisa. Katika kila watu 100 ambao ute wao umejibandua kwa dalili, takriban 14 hukutwa wana mpasuko. Kama kuna damu imevujia kwenye ute, uwezekano unapanda mpaka karibu theluthi mbili.

Kundi la pili lisilo na ubishi mkubwa ni mipasuko ya jeraha: mpira uliopiga jicho, ngumi, fimbo, kipande cha kuni kilichoruka. Pigo la namna hiyo linaweza kuing'oa retina kwenye ukingo wake wa mbele, na kwa kijana ambaye ute wake bado ni mzito retina hubanduka polepole, wiki kwa miezi, bila maumivu. Mzazi anadhani jicho limepona kwa kuwa wekundu umeisha. Hapa leza, au kugandisha kwa baridi, kwa kawaida hufanyika bila kusubiri dalili.

Tukienda mwisho mwingine wa mstari, kuna matobo ya mviringo yasiyo na dalili, yawe peke yake au ndani ya latisi. Haya ndiyo yanayogunduliwa zaidi kwa vijana waliokwenda kupimwa miwani, na miongozo ya madaktari wa macho wa Marekani inasema mara chache yanahitaji tiba. Yanafuatiliwa. Kuna ubaguzi mmoja: daktari akiona majimaji yamekwisha kuingia chini ya retina kuzunguka tobo, na hasa kama eneo hilo linapanuka kati ya ziara moja na nyingine, uamuzi unabadilika. Ndiyo maana neno kufuatilia lina maana ya kazi halisi: mchoro au picha ya pale tobo lilipo, na tarehe ya kurudi. Daktari aliyekuambia "hamna shida" bila kukupa tarehe ya kurudi hajakufuatilia.

Kuna pia tobo ambalo ulimi wake umekatika kabisa na kuelea ndani ya ute. Linatisha kulisikia, ila ulimi ukishakatika mvutano umekwisha, hivyo mara nyingi linaachwa, isipokuwa kama kuna mshipa wa damu unaoendelea kuvutwa pembeni yake.

Katikati ya yote haya upo mpasuko wenye ulimi uliogunduliwa kwa bahati, mwenyewe hana dalili hata moja. Takriban 5 kati ya 100 ya hii huendelea hadi retina kubanduka. Miongozo inaruhusu kuufuatilia bila leza. Hapa sasa mambo mengine yanaingia kwenye mizani: je, jicho la pili liliwahi kubandukwa retina? Kuna ndugu wa damu aliyepatwa? Namba ya miwani ni kubwa? Kutoona mbali peke yake, hata kwa miwani ya kati ya -1 na -3, kumehusishwa na hatari mara 4 ya kubanduka retina, na zaidi ya -3 mara 10. Mara 10 inatisha mpaka uipigie hesabu: mara 10 ya mtu 1 kati ya 10,000 ni mtu 1 kati ya 1,000 kwa mwaka.

Leza inafanya nini, na haifanyi nini

Wagonjwa wengi huamini leza inaziba tobo. Haizibi. Daktari hupiga vidoa vidogo vya mwanga, mara nyingi wa kijani, kulizunguka tobo kwa mistari miwili au mitatu iliyokaribiana. Kila kidoa ni jeraha dogo la joto linaloshikanisha retina na tabaka lililo nyuma yake. Kovu hilo huanza kushika mapema na kukomaa kwa muda wa siku 10 hadi 14. Tobo linabaki wazi palepale, ila majimaji yakipita yanakutana na ukuta wa kovu na hayaendi mbali.

Kazi yenyewe hufanyika ukiwa umekaa kwenye kiti cha kliniki, kidevu kimewekwa kwenye mashine, au umelala huku daktari akitumia leza ya kichwani. Unawekewa matone ya ganzi na lenzi ya kushikia jicho. Unaona mweko mkali baada ya mweko, na sehemu nyingine za retina huuma kwa mchomo wa ghafla hasa karibu na mishipa ya neva. Mara nyingi haizidi robo saa au dakika 20. Unatoka na uoni wenye ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usijiendeshe mwenyewe wala usipande bodaboda kwa mbwembwe ukitegemea jicho hilo. Kutibiwa leza kwa sababu ya kisukari ni jambo jingine: kule vidoa hupigwa kwa mamia sehemu kubwa ya retina ili kudhibiti mishipa mibovu ya damu, kwa hiyo simulizi ya shangazi aliyepigwa leza ya kisukari akaanza kuona gizani kwa shida haihusu tobo lako.

Madhara yapo, ingawa ni machache. Utando mwembamba unaweza kuota juu ya makula na kuikunja, mtu akaanza kuona mistari imepinda. Damu inaweza kuvuja. Kovu lenyewe, kwa kuwa limeishika retina kwa nguvu mpya, linaweza kuwa mahali pa mpasuko mwingine baadaye. Kwa mpasuko unaovutwa, haya yote ni bei ndogo. Kwa tobo la mviringo ambalo uwezekano wake wa kuleta shida ni mdogo mno, bei ileile inaanza kuonekana kubwa.

Jambo ambalo ningetamani kila daktari alitamke kabla ya kuwasha mashine ni hili: leza hulinda pale ilipopigwa. Ute ukija kujibandua miaka 20 ijayo, unaweza kuchana retina mahali pengine kabisa, hata palipoonekana pazima siku ya uchunguzi. Hilo hutokea mara nyingi vya kutosha hivi kwamba aliyepigwa leza anabaki na wajibu uleule wa kujua dalili kama asiyepigwa. Nimesikia watu wakisema "mimi nilishapigwa leza, sina wasiwasi", wakapuuza mimweko mipya kwa majuma. Leza iliyowapa utulivu huo wa uongo imewadhuru. Vidoa vinavyoelea navyo haviondoki kwa leza hii, na upasuaji wa kuacha miwani haupunguzi hatari kwa sababu jicho la asiyeona mbali ni refu, na baada ya upasuaji huo linabaki refu.

Ukikaa mbali na daktari wa retina

Miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa kwa watu ambao wakiona pazia jeusi asubuhi, jioni wako mikononi mwa mpasuaji wa retina. Huku kwetu hali si hiyo. Wapasuaji wa retina Afrika Mashariki ni wachache na wamekusanyika katika miji michache, kama Dar es Salaam, Moshi, Nairobi na Kikuyu, na Kampala. Mtu wa Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Wa Lodwar ana zaidi ya kilomita 600 kufika Nairobi. Utafiti uliofanywa Kikuyu, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba wengi wa waliofika na retina iliyobanduka walifika makula ikiwa imekwisha kubanduka. Walikuja wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa kuna gharama ambayo si ya fedha tu. Retina iliyobanduka inahitaji upasuaji mkubwa ambao mara nyingi huacha ndani ya jicho povu la gesi au mafuta ya silikoni. Mwenye gesi hulazimika kukaa kichwa kimeelekezwa namna moja kwa siku kadhaa, na hawezi kupanda ndege wala kupanda kwenda mahali pa juu mpaka gesi iishe, kwa sababu gesi hutanuka na kupandisha presha ya jicho mpaka kuua uoni. Aliyepasuliwa Dar es Salaam na nyumbani kwake ni Mbeya atakaa mjini kwa ndugu kwa wiki. Mwenye mafuta atarudi kuyatoa. Mtoto wa jicho hufuata mara nyingi. Na hayo ni upasuaji ukifanikiwa, jambo linalotokea kwa zaidi ya 8 kati ya 10 katika jaribio la kwanza pale mgonjwa anapofika mapema.

Ndipo watu husema: basi kwa kuwa mimi ni wa mbali, nipigwe leza tu matobo yote yaishe. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Kwa mpasuko wenye ulimi usio na dalili, umbali unapaswa kuhesabiwa, na kwa maoni yangu unatosha kuelekeza mizani upande wa leza. Kumwambia mwalimu wa shule ya msingi Sumbawanga arudi haraka akiona mimweko ni kumpa ushauri asioweza kuutimiza. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye jicho lake la pili limekwisha kupotea, au kwa tobo la mviringo lenye majimaji yanayolizunguka. Kuwafuatilia hawa kunategemea nauli, barabara na ruhusa ya kazini, na hivyo vyote vinaweza kukosekana siku inayohitajika.

Kwa matobo ya mviringo yaliyotulia, umbali haubadilishi mengi. Hatari yenyewe ni ndogo sana, na hatari kubwa zaidi ya baadaye, ute kujibandua na kuchana mahali papya, leza haiiondoi. Mtu huyo wa mbali atafaidika zaidi akipewa maelezo ya dalili kwa lugha anayoielewa, akiandikiwa jina la hospitali ya kwenda moja kwa moja bila kuzunguka vituo vitatu vya rufaa, na mmoja wa nyumbani kwake akielezwa pia. Natamani kliniki zetu zihesabu dakika hizo 10 za maelezo kuwa tiba, kama zinavyohesabu leza.

Jambo jingine lisemwe bila kuzunguka. Tobo lisilo na dalili karibu kamwe si la dharura. Ukiambiwa ulipie leza leo hii kwa tobo la namna hiyo, una haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili. Uliza: tobo ni la mviringo au ni mpasuko wenye ulimi? Kuna majimaji kuzunguka? Ute wa jicho langu umekwisha kujibandua au bado? Daktari aliyelipima jicho vizuri, mboni ikiwa imepanuliwa na kingo za retina zimetazamwa kwa kubonyeza jicho taratibu kwa nje, atayajibu hayo moja kwa moja. Picha ya mashine pekee, bila uchunguzi huo, haitoshi kuamua. Ukiwa na dalili mpya, sahau aya hii yote na ukubali leza.

Jicho la pili, na mtoto wa jicho

Aliyewahi kubanduka retina jicho moja ana hatari ya takriban 1 kati ya 10 kwa jicho la pili, na hapo swali la leza ya kinga linakuwa zito kweli. Utafiti wa mwaka 1989 ulioongozwa na James Folk, Marekani, ulifuatilia wagonjwa 388 waliobanduka retina kwa sababu ya latisi katika jicho moja. Baada ya miaka 7, jicho la pili lililoachwa bila tiba lilibanduka kwa 5.1 kati ya 100. Lililotibiwa mabaka yake yote, 1.8. Tofauti ipo. Lakini wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na kwa wale wenye miwani ya -6 na zaidi na latisi iliyoenea sana, yaani wale ambao mtu angedhani wanahitaji kinga kuliko wote, faida haikuonekana. Madaktari bado hawana kauli moja hapa. Familia chache zenye ugonjwa wa Stickler, wa kurithi, wenye kutoona mbali sana tangu utotoni na pengine kaakaa, yaani paa la mdomo, lililopasuka, huwa na utaratibu wao wa kinga, na watoto wao wanapaswa kuonwa na bingwa mapema bila kusubiri dalili.

Mtoto wa jicho unastahili neno, kwa kuwa ndio upasuaji wa macho unaofanywa zaidi kwetu, mara nyingi kwenye kambi za siku mbili tatu ambako daktari anaondoka baada ya kazi. Upasuaji huo huongeza hatari ya retina kubanduka miaka inayofuata, zaidi kwa wanaume, kwa walio chini ya miaka 60 na kwa wasioona mbali. Haimaanishi matobo ya mviringo yapigwe leza kwanza. Ushahidi wa kufanya hivyo kwa kila mtu haupo. Mwambie daktari wa mtoto wa jicho, kabla hajaanza, kwamba uliwahi kuambiwa una matobo au latisi. Kingo za retina zichunguzwe kabla ya upasuaji, kama mtoto wa jicho haujawa mweupe kiasi cha kuziba njia ya kuona ndani. Zichunguzwe tena, mboni ikiwa imepanuliwa, wiki kati ya 4 na 6 baada ya upasuaji, na muda huohuo baada ya uchunguzi wa kwanza, ule wa upesi, kwa aliyepata dalili za ute kujibandua, kwa sababu mipasuko michache hujitokeza baada ya uchunguzi wa kwanza kuonyesha pako salama. Ikiwa umefanyiwa kambini, ulizia kabla ya kuondoka ni nani atakayekufanyia uchunguzi huo wa pili na wapi, na uandikiwe.